Pasipoti Iliyokatwa Kona

Nianze na kosa langu, maana watu wa kwetu wakisimulia habari hii huanza na la baba yangu, na hiyo si haki. Ni mimi niliyeitia ile pasipoti ndani ya bahasha. Ni mimi niliyeramba gundi na kuibana kwa kidole gumba. Kama kuna mtu aliyeniua, ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa Uingereza nikisomea uuguzi. Niliondoka kwetu Manga mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na kwa kuwa nchi ilikuwa bado si yetu, nilisafiri na pasipoti ya koloni yenye taji juu ya jalada. Picha yake nilipigwa mjini Kisii, kwa mpiga picha mmoja Mwislamu aliyenikataza kutabasamu. Alisema serikali haipendi meno. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kusimama mbele ya kamera, basi nikatii, nikatoka nimekodoa macho kama kuku aliyeona mwewe.

Uhuru ulipokuja tukaambiwa sisi Wakenya tulioko huko tubadilishe pasipoti. Nilikwenda ubalozini siku yangu ya mapumziko. Kijana wa pale, Mkenya mwenzangu, akanipa pasipoti mpya inayonukia gundi, halafu akaichukua ile ya zamani, akashika mkasi na kukata kona ya jalada. Kacha! Nikashtuka kana kwamba amenikata ukucha bila kunionya. Kisha akaigonga muhuri mkubwa wa zambarau, ukapita juu ya picha yangu, machoni hasa. Ulikuwa muhuri wa kuonyesha kwamba kitabu kile kimefutwa, hakitumiki tena. Akanirudishia, akaniambia nisiitupe, kwa sababu ruhusa yangu ya kukaa Uingereza ilikuwa bado imo humo.

Basi nikafunga safari ya pili, ya ofisi ya wageni, kwenda kuhamishiwa ile ruhusa. Foleni ilizunguka ngazi. Karani aliyenihudumia alikuwa mzee wa Kizungu mwenye mikono safi mno, na alifanya kazi yake taratibu hadi nikataka kumpokonya kalamu. Alifungua pasipoti zote mbili kando kwa kando. Anasoma muhuri katika ile ya zamani, siku niliyoingia, bandari niliyoshukia, nimeruhusiwa kukaa mpaka lini, kisha ananakili katika ile mpya na kugonga. Kila alipomaliza muhuri mmoja aliupiga ule wa zamani mstari. Mwisho akainua uso, akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili, akanitazama mimi.

"Kila kitu chako sasa kiko humu," akasema, akigusa ile mpya. "Humo mwa zamani hamna mtu tena."

Nilicheka. Alikuwa hatanii. Nilitoka pale nikiwa na pasipoti mbili ndani ya mkoba, na njia nzima nilikuwa naugusa mkoba kwa nje kuhakikisha zote mbili bado zipo.

Sasa, mama alikuwa amenisumbua kwa jambo moja. Hakujua kuandika, kaka yangu ndiye aliyemwandikia, na kila barua ilimalizika vilevile: mama anasema amesahau uso wako, tuma picha. Jamani, zamu za mwanafunzi wa uuguzi ni utumwa. Siku ya kwenda studio sikuwa nayo. Nikaitazama ile pasipoti iliyofutwa nikajiambia, si picha ndiyo hii? Tena ya nyumbani, ya uso anaoujua. Nikaitia katika bahasha. Barua nikasema nitaiandika Jumapili, kwa sababu nilikuwa nachelewa zamu.

Jumapili ilinikuta kitandani nikitema damu. Kifua kikuu. Wagonjwa wangu mwenyewe walikuwa wameniambukiza. Nilipelekwa hospitali ya kifua nje ya mji, nikalazwa miezi mitano, na miezi yote hiyo sikuandika neno, kwa sababu ningeandika nini? Mama angekufa kwa hofu. Nilipopona ndipo nikaandika, nikaandika tena, na tena. Kimya. Si baba, si kaka, si yeyote.

Mtu atauliza, na hukushtuka? Nilishtuka, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo ninayoijua zaidi. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemkataa mwanamume ambaye baba alikwisha kula naye na kupokea posa yake, mtu wa Ekerenyo mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nikajua baba ameamua kuniadhibu. Nami nina kichwa kigumu. Nikasema basi, na wanyamaze, nitanyamaza pia. Nilimaliza masomo na kufunga sanduku. Ilikuwa imepita karibu miaka mitatu tangu niitume ile bahasha.

Basi kutoka Nairobi lilinishusha Keumbu saa nne asubuhi, siku ya soko. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mama mmoja muuza ndizi, rafiki wa mama yangu tangu ujana wao, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nikamwita kwa furaha. Akainua kichwa. Alinitazama kwa muda, mdomo wazi, kisha akasimama polepole, akaufunika uso kwa leso yake na kuondoka. Aliziacha ndizi zake zote chini. Nikageuka kwa wanawake wengine nikiuliza, huyu ana nini leo? Soko la Keumbu, ambamo huwezi kumsikia aliye mbele yako, lilinyamaza kwangu hivyo, kipande kwa kipande, kila nilipopita.

Nikajitwika sanduku nikashika njia ya kupanda Manga. Siku ile ukungu ulikuwa haujapanda. Ulikaa juu ya mashamba ya pareto, maua meupe huoni yanaishia wapi. Kulikuwa na wanawake wanachuma. Nilisikia wakicheka kabla sijawaona. Nilipokaribia, mmoja akaniona, kicheko kikakatika, na akaketi chini palepale katikati ya maua. Wa pili akaketi. Wa tatu. Nilipofika sawa nao hapakuwa na mtu. Shamba tupu, na vikapu vimesimama. Nikawaamkia kwa sauti hata hivyo. Mimi si wa kupita bila kuamkia watu. Hakuna kilichotikisika. Nikaanza kutembea haraka, na nakiri nilikuwa naogopa, ila sikujua naogopa nini.

Nyumbani alikuwako wifi yangu, mke wa kaka, anaanua nguo. Alipiga yowe moja fupi, akamnyakua mtoto mdogo wa kike aliyekuwa miguuni pake, akakimbilia nyumbani mwake na kufunga mlango kwa komeo. Mama akatoka jikoni, mikono yake imejaa unga wa wimbi. Yeye hakupiga yowe. Alisimama mbali kidogo, akanitazama miguu kwanza, kisha mikono, kisha uso.

"Umekuja kuchukua nini?" akaniuliza.

Mama yangu mzazi! Nilisafiri majuma mangapi melini nikiipanga siku ile, atakavyonikumbatia, atakavyolia. Nikalitua sanduku chini. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasema, "Najua ni wewe." Na hakusogea.

Baba ndiye aliyekuja kunieleza, akisimama upande wa pili wa uwanja na kuzungumza nami kwa heshima, kama mtu anayezungumza na wakubwa wake. "Tulikuzika," akasema. "Tulichinja. Hatukukuacha bila kitu. Kama kuna lililopungua, sema, tulimalize." Akanyoosha mkono kuelekea ua. Pale kwenye ukingo wa boma, ambapo kwetu binti asiyeolewa huzikwa, palikuwa na tuta la udongo limeota nyasi.

Ndani yake walikuwa wamezika kigogo cha mgomba, wamekivisha gauni langu la shule. Mchungaji wetu wa Kisabato alikataa kuja, akasema hawezi kuuombea mgomba. Wakauzika wenyewe.

Na sababu yao ilikuwa nini? Loo, sababu yao ilikuwa nzuri kuliko yangu. Baba alikuwa na mdogo wake aliyechukuliwa jeshini wakati wa vita, akapelekwa Burma. Kilichorudi ni kitabu chake cha mshahara, kimekatwa kona na kugongwa muhuri. Baba alikuwa kijana. Alikipokea kwa mikono yake mwenyewe kutoka kwa chifu. Baada ya hapo, barua za yule mdogo wake ziliendelea kufika nusu mwaka mzima, anaulizia ng'ombe, anasalimu watu, kwa sababu meli za wakati ule zilikwenda zikipenda. Bibi yangu alikuwa akizipokea barua zile na kushangilia kwamba mwanawe yu hai. Baba akaona yaliyompata mama yake. Basi kitabu changu kilipofika, kona imekatwa, muhuri machoni, bila barua, hakuhitaji mtu wa kumsomea. Na barua zangu zilipoanza kuja baada ya miezi mitano, alisema, hizi ni kama zile za Burma. Hakuruhusu hata moja ifunguliwe. Hakutaka mama afurahi mara ya pili bure.

Nikasema, nikaeleza, nikafungua sanduku na kuonyesha cheti changu na pasipoti mpya. Nikawaeleza kuhusu mkasi, karani, mihuri iliyohamishwa kutoka huku kwenda huku. Baba alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Kwa hiyo hata wao walikuandika umekwisha, halafu wakakuandika upya." Nikasema, ndiyo, yaani, hapana! Nilikanyaga chini kwa hasira. Ubishi huo ulichukua siku tatu.

Walinipa kibanda cha jikoni cha zamani. Chakula kililetwa mchana, kikawekwa kizingitini, na aliyekileta akaondoka bila kugeuka. Hakuna aliyenitusi. Ningependa wanitusi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mama aniite jina langu kama zamani, lile jina la bibi alilonipa mwenyewe, akivuta silabi ya mwisho hadi nalisikia kutoka bonde la pili. Nikisikia hivyo, nilijiambia, yote haya yatakwisha.

Siku ya pili, asubuhi, nikalisikia. Mama alikuwa shambani, akaliita kwa sauti, analivuta vilevile. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikaruka nje ya kibanda nikaitikia, "Naam!" Na katika uwanja, hatua kumi kutoka kwangu, yule mtoto wa wifi akaitikia pia, kwa kisauti chake. Mama alitokeza kwenye migomba akatuona sote wawili tumesimama tunamtazama. Alishika mti. Kisha akamwendea mtoto.

Ndivyo nilivyojua. Wifi alijifungua wiki chache baada ya maziko yangu, na kwetu mtoto hupewa jina la ndugu aliyetangulia. Mtoto alikuwa analia mchana kutwa, wanasema, wakamtajia majina ya marehemu wote wa ukoo, hakunyamaza. Wakamtajia langu, akanyamaza, akanyonya. Basi akawa mimi. Mama alimpa kigoda changu, akamfundisha nyimbo zangu za Sabato. Na walipokuwa hawamwangalii alikuja mwenyewe hadi mlangoni pa kibanda changu, jua limetoka, tumbo wazi, amebeba kitu kifuani. Ilikuwa pasipoti yangu. Ilikuwa imeraruka jalada na kujaa alama za vidole vya uji. Aliifungua pale penye picha akanionyesha.

Nikachutama. "Huyu ni nani?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama anayeshangaa kwamba sijui. Aliweka kidole juu ya yale macho yenye wino. "Mimi," akasema.

Mimi ni muuguzi, nimeosha maiti nyingi, si mtu wa kutishika na mtoto wa miaka miwili na nusu. Lakini nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mtoto akabaki pale kizingitini, anaipapasa ile picha na kuniimbia wimbo wangu.

Kesho yake akashikwa na homa. Nilisikia kilio chake kutoka kibandani, nikakijua. Nikaenda hadi mlango wa wifi, nikachungulia dirishani: anatetemeka, macho yamepinduka, midomo imekauka. Malaria ya milimani, ile inayoua watoto kabla jua halijageuka, kwa sababu damu yao haijazoea. Nilikuwa na klorokwini ndani ya sanduku. Hospitali ilikuwa mjini Kisii, na mvua ya usiku ilikuwa imekata njia ya bondeni.

"Fungua," nikasema. "Nina dawa."

"Umekuja kumchukua," wifi akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. "Dada, sikukukosea kitu. Mmoja wenu yuko hapa kwa makosa, na mimi huyu ndiye niliyemzaa. Nakuomba, rudi ulikotoka."

Nikapiga mlango kwa ngumi. Nikawatukana wote, ukoo mzima. Nikasema mtoto atakufa kwa ujinga wao. Neno hilo "atakufa" kutoka kinywani mwangu mimi, hebu fikiria! Wifi alipiga yowe tena. Kaka akatoka na panga, hanitazami usoni, akasimama kati yangu na mlango. Alikuwa analia. Kaka yangu aliyenifundisha kusoma, ananililia akiwa na panga mkononi.

Ni baba aliyepata njia. Alikuja akaniuliza polepole, "Jina hilo, unalidai?"

"Mtoto anakufa na wewe unauliza jina?"

"Ndilo ninalouliza," akasema. "Ukiliacha, hapatakuwa na kitu chako ndani ya nyumba ile. Mama yake atafungua."

Nilitazama mlango. Kilio kilikuwa kinapungua, na mimi nilijua maana ya kilio kinachopungua. Basi wakanipeleka kwenye lile tuta, baba, mama na kaka, na wifi akachungulia kwenye ufa wa mlango akisikiliza. Nikasimama juu ya gauni langu la shule na kusema yale baba aliyoniambia niseme: kwamba mwenye jina lile amelala hapa, kwamba jina ni la mtoto, kwamba mimi silidai, wala sitaliitikia. Nilisema haraka haraka, kwa hasira, kama mtu anayetia sahihi bila kusoma. Lakini nilipomaliza, nilitaka kukumbuka kule Uingereza metroni, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwa akiniitaje, na kwa muda, labda wa pumzi tatu, sikukumbuka. Palikuwa peupe tu. Nilishika mkono wa kaka nisianguke, na hapo ndipo aliponitazama usoni mara ya kwanza.

Komeo likafunguliwa. Nilisaga kidonge nikakichanganya na ndizi mbivu, nikamlisha kidogo kidogo, nikamkanda kwa maji, wifi ananishikia beseni na kutetemeka kuliko mtoto. Siku ya pili homa ikashuka. Siku ya tatu akaketi, akadai ndizi nyingine, akamtukana kuku. Nikatoka nje nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikachoka.

Tangu hapo mambo yakalainika, sina budi kusema ukweli. Waliniita Sista, kama wagonjwa wanavyomwita muuguzi, na mpaka leo pale Manga ndilo jina langu. Tulikula sinia moja. Baba akaniuliza kama ng'ombe wa Wazungu ni wakubwa kweli. Yule mama wa ndizi alikuja kuniona, akaniminya shavu kwa nguvu, akacheka, akanipa mkungu mzima. Kaka alizitoa barua zangu zote alikozificha, akazisoma moja baada ya nyingine uwanjani, hata ile niliyowatukania, na watu wakacheka hadi machozi. Nikasema moyoni, imekwisha. Sasa wanajua.

Jioni moja kabla sijaenda kuanza kazi hospitalini, mama alinikalisha mbele yake akanisuka. Jua lilikuwa bado liko juu ya ukingo wa mlima. Alinisuka kimya kimya, vidole vyake vikinigusa shingo, masikio, kisogo, na kila mara vilikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeingojea mikono ile miaka mingi.

Akaangalia kama hakuna mtu karibu, akanisogelea sikioni.

"Niambie mimi peke yangu," akasema. "Sitamwambia baba yako. Siku ile ulipokufa, uliumia?"

Nilifungua mdomo nimpigie kelele. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya mkasi na karani na mihuri, niliyakariri siku tatu nzima. Kisha nikahisi mikono yake imesimama kichwani mwangu, haisuki, inangoja. Miaka mitatu alikuwa na swali hilo, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikuumia."

Akashusha pumzi, akasema ahsante, akaendelea kunisuka.